Msiniulize Kaka Yangu Anacheza Timu Gani

Swali hili nimeulizwa ndani ya daladala ya Tandika, nimeulizwa msibani na ndugu wa marehemu, nimeulizwa na karani wa chuo siku niliyokwenda kueleza kwa nini ada yangu haijaingia: "Kaka yako siku hizi anacheza timu gani?"

Zamani nilikuwa nataja jina la timu. Muulizaji alijaribu kulitamka, akakwama katikati, akatoa simu kulitafuta. Akiikuta timu yenyewe iko daraja la tatu huko Sweden, na uwanja wake una jukwaa upande mmoja tu, sauti ilishuka. "Aa. Ndiyo kuanza huko. Atafika." Siku hizi najibu kwamba amerudi, yuko nyumbani. Hapo muulizaji anatikisa kichwa kwa huruma na kusema, "Kumbe ilishindikana."

Naandika haya kwa sababu ya maneno hayo mawili, "atafika" na "ilishindikana". Kati yake hakuna nafasi ya mtu kuwa kazini tu, kama watu wengine walivyo kazini. Kaka yangu aliishi misimu miwili katikati ya maneno hayo, na hapo ndipo goti lake lilipoharibikia. Wakala alichangia. Klabu ilichangia. Nitawafikia. Lakini sisi tuliobaki nyumbani tulikuwa na mkono wetu, na mkono wangu mimi naujua kuliko wa mtu mwingine yeyote.

Tuanze na jina. Kiswahili chetu cha michezo kina msemo "mchezaji wa kulipwa", na tunausema kama tunataja cheo. Hatusemi dereva wa kulipwa wala muuguzi wa kulipwa, kwa sababu tunajua dereva na muuguzi wanafanya kazi, na kazi ina ujira. Kwenye mpira malipo tumeyageuza kuwa sifa. Mtu akishaitwa wa kulipwa, na wa nje, basi tumemaliza. Hatuulizi analipwa kiasi gani, analipwa lini, na siku akiumia nani atamlipa.

Mifano tunayotumia ni ile ile. Mbwana Samatta alitoka Simba akaenda TP Mazembe mwaka 2011, akachukua nao ubingwa wa Afrika mwaka 2015, Januari 2016 akahamia Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England akiwa na Aston Villa. Wakenya wana McDonald Mariga, aliyepita Enköping, mji mdogo wa Sweden, kabla ya Helsingborg, Parma na Inter Milan. Wana mdogo wake, Victor Wanyama, aliyeifunga Barcelona akiwa na Celtic mwaka 2012. Historia hizi ni za kweli, nami nilipiga kelele kama kila mtu siku Samatta alipotambulishwa Villa. Shida ni kazi tunayozipa. Wakala aliyekuja nyumbani kwetu mwaka 2020 alimtaja Mariga kabla hajamaliza soda aliyokaribishwa. "Mzee, huyu alianzia timu ndogo hivi hivi, Sweden hiyo hiyo. Miaka mitano tu akawa Inter." Baba aliangalia sakafu, akafikiri. Wiki ya pili aliuza kiwanja cha Chanika.

Wakala hakusema uongo. Alihesabu waliofika na kuwaacha wengine wote. Wapo walioanza kuwahesabu wengine hao. Mwaka 2016 FIFPRO, umoja wa vyama vya wachezaji duniani, ulitoa ripoti iliyotokana na kuwahoji wachezaji karibu 14,000 katika nchi 54. Asilimia 41 walisema mishahara yao iliwahi kuchelewa ndani ya misimu miwili iliyotangulia. Zaidi ya asilimia 45 walilipwa chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Hao ni watu wenye mikataba, wale tunaowaita wa kulipwa. Ripoti hiyo ilikuwa imeshatoka miaka minne siku wakala alipokaa kwenye kochi letu, na hakuna kipindi cha michezo nilichowahi kusikia kikiizungumzia, pamoja na kwamba redio nyumbani kwetu haizimwi.

Ningebaki na picha hizo hizo kama kila mtu, isipokuwa mwaka 2022 nilipata nafasi ya kusoma muhula mmoja wa shahada yangu ya uzamili katika chuo kimoja cha huko huko Sweden, saa mbili kwa treni kutoka mji aliokuwa akichezea kaka. Mama alinifungia dagaa, unga wa muhogo na jezi ya Taifa Stars. Alifurahi kwamba tutaangaliana. Nilikwenda kwake mara ya kwanza mwishoni mwa Januari, Jumamosi, na jua lilikuwa limezama kabla ya saa kumi jioni.

Aliishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko, na wenzake wawili, mmoja kutoka Gambia na mwingine Brazil. Klabu ndiyo iliyoikodi. Mlangoni palikuwa na chembe nyeusi kama mbegu za mchicha zimetapakaa. Nilidhani ni uchafu nikatafuta ufagio. Akacheka, akaniambia niache. Ni mpira uliosagwa, wanaoujaza kwenye nyasi bandia, na huingia kwenye soksi, masikioni, kitandani, kwenye bafu. Kule nyasi za asili wakati wa baridi hazichezeki, kwa hiyo wanasukuma theluji kwa trekta, wanafanya mazoezi kwenye nyasi hizo za plastiki zilizo ngumu kwa barafu. "Magoti yanaongea," aliniambia. Mimi nilichukulia kama utani.

Siku yake ilikuwa hivi. Anaamka saa nne asubuhi, kwa sababu hakuna cha kuamkia. Mazoezi ni saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa wachezaji wengi wa timu hiyo wana kazi nyingine: kipa alifundisha shule ya msingi, beki wa kati alikuwa fundi umeme, nahodha aliuza matairi. Wenyeji walitoka kazini wakaja kucheza mpira. Wageni watatu ndio pekee walioitwa wa kulipwa, na ndio pekee waliokuwa hawana kazi mchana, wala ruhusa ya kutafuta nyingine, kwa sababu kibali chao kilifungwa na klabu. Basi walilala. Walipika wali mara mbili kwa siku. Walicheza mpira wa kwenye televisheni, wakichagua Barcelona na Liverpool. Saa tano asubuhi kaka alipiga simu nyumbani, ambako ilikuwa saa saba mchana, akawasha kamera akiwa amesimama dirishani ili theluji ionekane nyuma yake. Mama huipenda theluji. Akikata simu, alirudi kitandani.

Jumanne na Alhamisi alikwenda kufundisha watoto wa klabu bila malipo, jambo ambalo halikuwamo kwenye mkataba lakini kocha alisema ni "sehemu ya familia". Theluji ikizidi, wageni ndio walioitwa kusaidia kusafisha njia ya kwenda jukwaani. Nahodha muuza matairi hakuitwa.

Msimu ulipoanza Aprili nilikwenda kwenye mechi nne. Ligi yao, Ettan, ina makundi mawili ya timu 16, kila timu mechi 30, na safari nyingine ni saa saba ndani ya basi kwenda na saa saba kurudi usiku huo huo. Watazamaji walikuwa mia tatu, mia nne, wengi wao wazee waliokuja na vikombe vya kahawa na mito ya kukalia. Walikuwa watu wazuri. Walimjua kaka kwa jina na walimpigia makofi akikimbia hata asipoupata mpira. Sina ugomvi na mia tatu hao. Walikuja kuangalia mtu akifanya kazi, wakaridhika na kazi, wakaenda zao. Heshima hiyo sijaiona Tandika.

Neno la kwanza la Kiswidi alilojifunza kaka lilikuwa "rygg", yaani mgongo. Uwanjani wanakupigia kelele hiyo mtu anapokujia kwa nyuma usipomwona. Alinieleza hivyo siku ile ya kwanza, tukiwa tunakula dagaa, na nikaona ni neno zuri.

Sasa hesabu. Wakati ule sheria ya Sweden ilitaka mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya aahidiwe mshahara wa angalau krona 13,000 kwa mwezi ndipo apewe kibali cha kazi. Mkataba wa kaka ulisema 14,000. Kwa shilingi ilikuwa zaidi kidogo ya milioni tatu, na nyumbani tulishaizidisha tayari: milioni tatu mara kumi na mbili, mara misimu miwili. Mjomba alizidisha akapata nyumba. Shangazi akazidisha akapata mtaji wa duka la vitenge. Mimi nilizidisha nikapata shahada ya uzamili. Kwetu kuzidisha tunajua sana. Kutoa ndiko hatujui, mpaka zamu ya kutoa iwe ya mtu mwingine.

Nilikaa naye jikoni tukafanya hesabu ya kutoa. Kodi ya serikali, karibu 2,600. Kodi ya chumba, 3,500, iliyokatwa na klabu hiyo hiyo iliyomlipa, kwa chumba alicholala na mtu mwingine. Krona 800 za "usafiri na vifaa", ambazo hakuna aliyewahi kumfafanulia. Chakula, simu na nauli, 2,900 akijibana. Zikabaki 4,200. Hapo alikuwa akituma nyumbani 3,000 kila mwezi, ambazo ziligawanywa dawa za baba za presha, chakula, na ada yangu. Zilizobaki, 1,200, ndizo alizovalia, alizonyolea, alizonunulia viatu vya mpira. Mtu wa kulipwa alikuwa na viatu jozi moja, vya nyasi bandia, na vilipopasuka Mei alivigandisha kwa gundi.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alisema, "Ningewaambia nini? Kwamba milioni tatu hazitoshi?"

Nakuja kwenye goti.

Mwishoni mwa Aprili nilimkuta amelala, mguu wa kulia juu ya mito miwili, mfuko wa mboga za barafu juu ya goti. Aliumia kwenye mechi ya ugenini. Alimaliza dakika tisini, akapanda basi, akashuka akijikaza ili asichechemee mbele ya kocha. Goti lilikuwa limevimba kama embe dodo. Nilimwambia twende kwa daktari wa timu. Akakataa. Mkataba wake ulikuwa unaisha Novemba 30. Klabu ilikuwa imeshamwambia kwamba wataangalia uamuzi wa kuuongeza wakati wa majira ya joto. Mchezaji mgeni mwenye jeraha, alisema, hawamwongezei hata siku. Alikuwa na vidonge vya maumivu alivyopewa na Mgambia. Alivimeza viwili kabla ya mazoezi na viwili baada ya mazoezi, na alinitaka niape.

"Usimwambie mama. Na baba ndiyo kabisa. Ada yako ya mwisho ni Juni, sivyo? Basi acha nifike Juni."

Niliapa. Ningeweza kumpigia mama usiku ule. Ningeweza kwenda ofisi ya klabu, Kiingereza changu kilitosha. Ningeweza kumwambia kwamba nasimamisha masomo. Badala yake nilimkandia goti, nikapanda treni ya jioni, na tarehe 3 Juni ada ikaingia. Nilimtumia ujumbe wa asante wenye alama za mikono na mioyo.

Alicheza hivyo mpaka Septemba. Kisha siku moja goti liligoma kukunjuka. Daktari alikuta gegedo limechanika, na akaandika kwamba jeraha lilionekana kuwa la muda mrefu. Klabu ikauliza: la muda mrefu kutoka lini? Kumbukumbu za timu hazikuwa na jeraha lolote la kaka, kwa sababu hakuna aliyewahi kuripoti jeraha lolote. Hakuna karatasi hata moja iliyoonyesha kwamba goti lile liliumia kazini. Shahidi pekee aliyeliona siku ya pili yake, aliyeligusa kwa mikono yake, alikuwa Dar es Salaam akiandika pendekezo la utafiti kuhusu haki za wafanyakazi wa majumbani. Ndiyo, hiyo ndiyo mada yangu. Mtacheka, nami nimeshacheka.

Novemba 30 mkataba uliisha. Desemba aliondolewa kwenye nyumba. Alihifadhiwa na Mgambia mpaka Februari 2023, akarudi. Uwanja wa ndege tulikwenda watu sita. Mwaka 2020, siku ya kuondoka kwake, tulikodi Hiace mbili.

Najua mtakayosema, maana nimeyasikia yote. Mnasema: hakuna aliyemlazimisha. Kweli, hakuna aliyemshika mkono. Lakini kijana ambaye baba yake ameuza kiwanja, mdogo wake yuko chuo kwa jasho lake, na mtaa mzima umeshampigia hesabu, ana uhuru wa aina gani wa kusema "goti linauma"? Tuliondoka naye kama tulivyomkodishia zile Hiace, wote tumo ndani. Kwenye kushuka tukamwachia ashuke peke yake.

Mnasema: hata huku kwetu daraja la chini wachezaji hawalipwi, bora kule. Hoja hii ina ukweli na siikimbii. Kaka alipocheza ligi ya pili hapa aliwahi kumaliza miezi minne akiishi kwa nauli ya mazoezi. Kule mshahara uliingia kila tarehe 25, haukuchelewa hata mara moja, nakiri. Lakini ubaya wa hapa haumfanyi mtu kuwa na deni la kunyamaza kule. Hoja yenu ndiyo aliyokuwa akiisema nahodha, kwa lugha ya adabu zaidi: shukuru upo hapa. Mtu akishaambiwa ashukuru, hawezi tena kudai.

Mnasema: ndivyo mpira ulivyo, wachache hufika na wengi hubaki njiani. Hapa ndipo ninapogombana nanyi hasa. Njia gani? Daraja la tatu la Sweden halikujengwa liwe stendi ya kwenda Inter Milan. Ni ligi ya watu wa miji hiyo, ina mechi zake, mashabiki wake, wachezaji ambao walicheza humo miaka kumi na tano wakastaafu kwa keki na kahawa na hakuna aliyesema imeshindikana. Kipa mwalimu hakuwa njiani kwenda popote. Kwa nini kaka yangu, anayeruka kuupiga kichwa mpira ule ule kwenye kona ile ile, awe hajafika? Alikuwa amefika. Alifika kazini. Tungemwangalia kama mtu aliyefika kazini, tungeuliza maswali ya kazi.

Maswali ya kazi hayahitaji shahada. Mkataba umeandikwa lugha gani, na nani aliyeusoma kabla ya kusainiwa? Wa kaka uliandikwa Kiswidi na Kiingereza, na baba, ambaye aliuza ardhi kwa ajili yake, hakuuona hata kwa macho mpaka mwaka 2023 ulipokuja ndani ya begi. Makato ni yapi, na yameandikwa? Nani anamiliki nyumba unayolala? Ukiumia leo, unamwambia nani, na unapewa karatasi gani? Kibali chako kinakuruhusu kubadili mwajiri? Chama cha wachezaji cha nchi hiyo kinakupokea? Kaka aliishi Sweden misimu miwili, nchi yenye vyama vya wafanyakazi kila upande, na hakuna aliyemwambia kwamba wachezaji nao wana chama chao. Fundi umeme alijua. Hakuulizwa.

Na zipo kanuni ambazo kila kijana anayepandishwa ndege anapaswa kuondoka nazo kichwani kama anavyoondoka na namba ya simu ya nyumbani. Tangu mwaka 2018 kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili bila haki, mchezaji anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali, mradi ameiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 ilipe. Kanuni hizo hizo zinakataza, isipokuwa kwa sharti chache, uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2023 FIFA ilirudisha mtihani wa leseni kwa mawakala, kwa hiyo mtu akikaa kwenye kochi lenu akaanza na Mariga, ana la kuonyeshwa kwanza: leseni. Mambo haya yangetosha kipindi kimoja cha redio, dakika thelathini, kwa Kiswahili. Badala yake dakika hizo tunazitumia kubishana kama fulani "ametoboa" au bado.

Nawalaumu watangazaji, ndiyo. Kijana akipanda ndege wanampigia simu hewani, akirudi hawana namba yake. Nawalaumu mawakala wanaouza mifano ya watu watatu kwa wazazi elfu. Naulaumu uongozi wa soka letu kwa kuhesabu vijana walioko nje kama mafanikio yake bila kuwa na hata karatasi moja ya Kiswahili inayomweleza mzazi mkataba ni nini. Lakini hawa wote wananunua kwetu. Bidhaa yao ni "atafika", na wateja ni sisi, na mimi nilikuwa mteja niliyelipiwa.

Kwa hiyo nataka kitu kimoja kutoka kwa kila familia yenye mtu huko, awe Sweden, Oman, Zambia au Msumbiji. Mpigieni simu wiki hii. Msimwombe awashe kamera kwenye theluji. Muulizeni: mwili unakuuma wapi? Mkiulizwa kwa nini mnauliza, semeni mnauliza kwa sababu ni kazi, na kila mwenye kazi huumia. Kisha, na hili ndilo gumu, mwambieni ni kiasi gani cha fedha anazotuma mnaweza kuishi bila hicho. Tajeni namba. Kama hamna namba ya kutaja, basi mjue goti lake liko rehani kwenu.

Kaka alikubali niandike haya kwa masharti mawili: nisimtaje jina wala klabu, na mama asikie kwanza kutoka kwangu. La pili lilinichukua miezi mitano. Nilimwambia Jumapili, baada ya kula, nikiwa nimeshika vyombo ili nipate pa kuangalia. Nilimwambia kuhusu Aprili, mfuko wa mboga za barafu, kiapo, Juni. Mama hakulia. Alikaa kimya, akauliza, "Kwa hiyo siku ile ya Idi alipotupigia, akacheka sana, mguu ulikuwa juu ya mto?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa nimeshika simu, mama."

Sasa anaendesha bajaji ya mtu, kutoka Tandika hadi Temeke hospitali, anapeleka hesabu kila jioni. Goti halijafanyiwa upasuaji. Mvua ikinyesha huliona anavyolinyoosha kabla ya kukanyaga breki. Mimi naingia mwaka wa tatu wa shahada ya miaka miwili, nachapa na kutoa nakala katika duka moja karibu na chuo ili nimalizie ada mwenyewe, na nimeanza kumwekea kaka kiasi kidogo kidogo cha upasuaji. Ni hesabu ya polepole. Abiria wengine humtambua. Humwangalia kwenye kioo, wakamuuliza anacheza timu gani siku hizi. Ananiambia huwa anawajibu, "Nipo kazini," na anaendelea kuendesha.